Wanafunzi Waliomkimbiza Mtoto wa Honda

Nimepotea kidogo hapa kibarazani, lakini leo nimerudi na hadithi ndefu, kwa hiyo kama una chai iweke karibu.

Nina tabia moja ambayo wahariri hawaipendi. Nikipewa matokeo ya mashindano yoyote, nayasoma kuanzia chini kwenda juu. Somo la kwanza katika habari za michezo ni kwamba mshindi anakaa aya ya kwanza, wa pili akibahatika anapata sentensi moja, na wa tatu anaandikwa kama nafasi ipo. Nafasi huwa haipo! Lakini nimegundua kwamba mshindi mara nyingi ni habari ya siku ile tu. Ukitaka kujua jambo lilikotoka na linakokwenda, shuka chini kwenye orodha.

Chukua mfano wa mbio za TT Zero. Hizi zilikuwa mbio za pikipiki za umeme katika kisiwa cha Isle of Man, na zilifanyika kila mwaka kuanzia 2009 hadi 2019. Ukisoma mstari wa juu utakutana na majina ya makampuni: Agni, MotoCzysz, Mugen. Shuka kidogo. Mwaka 2011, nafasi ya tatu: Kingston University. Nafasi ya nne: MIT. Mwaka 2013, nafasi ya tatu: Ohio State University. Mwaka 2014, hao hao tena. Mwaka 2016 na 2017, nafasi ya tatu: University of Nottingham. Mwaka 2018, nafasi ya pili: University of Nottingham.

Vyuo vikuu! Watu wenye mitihani, wenye kazi za kukabidhi Ijumaa, wamesimama jukwaa moja na kampuni iliyoanzishwa na mtoto wa Soichiro Honda. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilidhani ni mashindano ya maonyesho tu, yale ambayo kila mtu anapewa cheti. Nikaanza kuchimba. Wala hayakuwa maonyesho.

Kwanza tuelewane kuhusu kisiwa chenyewe. Isle of Man iko katika Bahari ya Ireland, katikati ya Uingereza na Ireland, na ina bunge lake linaloitwa Tynwald. Bunge hilo ndilo chanzo cha yote haya. Mwanzoni mwa karne ya 20 sheria za Uingereza zilikataza kufunga barabara kwa ajili ya mbio, na mwendo ulikuwa na kikomo cha maili 20 kwa saa. Wapenda magari wakavuka bahari, kwa sababu Tynwald ilikubali kuwafungia barabara. Mwaka 1907 zikazaliwa mbio za pikipiki za Tourist Trophy, kwa kifupi TT, na tangu 1911 zimekuwa zikipita njia ya mlimani.

Njia hiyo ina urefu wa maili 37.73, yaani karibu kilomita 61, na kona zaidi ya 200. Usifikirie uwanja wenye mchanga pembeni wa kumpokea anayeanguka. Ni barabara ya kawaida kabisa, ile ya kwenda kazini na kupeleka watoto shule, yenye kuta za mawe, nguzo za taa na mageti ya nyumba za watu. Inaanzia mji wa Douglas, inapita vijijini hadi Ramsey, halafu inapanda mlima Snaefell na kuteremka tena hadi Douglas. Tangu mbio hizo zianze zaidi ya watu 250 wamefia katika njia hiyo. Naomba uikumbuke takwimu hiyo, tutairudia.

Katika kisiwa kile kulikuwa na namba moja iliyokuwa kama ndoto: wastani wa maili 100 kwa saa kwa mzunguko mzima. Pikipiki za petroli zilianza kushindana mwaka 1907, na mtu wa kwanza kuifikia namba hiyo alikuwa Bob McIntyre, akiwa na pikipiki ya Gilera, mwaka 1957. Miaka 50 kamili.

Sasa tuje 2009. Mwaka huo jamaa mmoja anayeitwa Azhar Hussain alifanikisha kitu kilichoitwa TTXGP, mbio za pikipiki zisizotoa moshi, ndani ya wiki ya TT. Tarehe 12 Juni 2009 pikipiki za umeme zilipanga mstari kwa ajili ya mzunguko mmoja tu. Aliyeshinda ni Rob Barber akiwa na pikipiki ya Agni, kwa dakika 25 na sekunde 53, wastani wa maili 87.4 kwa saa. Wiki ileile John McGuinness, kwa pikipiki ya petroli ya Honda, alizunguka njia hiyohiyo kwa wastani wa maili 131.6. Kwa hiyo aliyetaka kucheka alikuwa na sababu ya kucheka.

Mwaka uliofuata, 2010, mbio zikapewa jina la TT Zero, na serikali ya kisiwa ikaweka mezani pauni 10,000 kwa wa kwanza kufikisha maili 100 kwa saa kwa umeme.

Kwa nini ilikuwa vigumu? Hapa nivumilie kidogo, maana bila hesabu hii hutaona ukubwa wa walichofanya wanafunzi.

Kilo moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu ina kama 0.2 hivi. Ni kweli injini ya petroli inapoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, wakati mota ya umeme inatumia zaidi ya asilimia 90 ya inachopewa, lakini hata ukilipa deni hilo petroli bado iko mbele sana. Tena tangi la petroli linapungua uzito kila kilomita. Betri haipungui hata gramu. Unaanza nayo, unapanda nayo mlima, unamaliza nayo.

Halafu kuna upepo. Nguvu ya upepo unaokuzuia inakua kwa mraba wa mwendo, na nishati unayotumia kwa mzunguko inafuata hukohuko. Ukitoka maili 90 kwenda 100 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa asilimia 11, lakini nishati unayohitaji kuupasua upepo imeongezeka kwa asilimia 23. Unaona mtego ulivyo? Ukitaka kasi zaidi unaongeza betri. Ukiongeza betri, pikipiki inakuwa nzito, breki zinachoka na kona zinakuwa ngumu. Ukibana uzito, betri inakufia njiani. Na mlima Snaefell haukai mwanzoni mwa njia ambapo betri imejaa. Unaanza kuupanda baada ya Ramsey, kama maili 24 tangu kuanza, wakati karibu theluthi mbili ya safari imeshakula chaji yako.

Kwa maneno mengine, mbio hizi zilikuwa za bajeti. Unapewa mshahara asubuhi, hakuna wa kukukopesha, na kodi ya nyumba inadaiwa mwisho wa mwezi. Mwanafunzi gani wa chuo hajui maisha hayo?

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vyuo vilijitokeza. Kutengeneza injini ya petroli ya kushindana na kiwanda kikubwa ni kushindana na maarifa ya miaka zaidi ya 50, yaliyofungiwa kwenye makabati ambayo huwezi kuyaona. Lakini mwaka 2009 pikipiki ya mbio ya umeme haikuwa na mzee wa kazi. Hakuna aliyekuwa na kabati. Jinsi ya kupoza mota, jinsi ya kupanga seli za betri zisichomane, jinsi ya kuandika programu inayomgawia dereva nguvu ili afike nyumbani na chaji asilimia mbili badala ya kuzimikiwa mlimani, hayo yote yalikuwa bado yanatafutwa. Na kutafuta ndiyo kazi ya chuo.

Mwaka 2011 Kingston University ya London, na George Spence juu ya pikipiki yao, ilimaliza ya tatu kwa wastani wa maili 88.4. Vijana wa MIT ya Marekani wakafuata nafasi ya nne. Mbele yao Michael Rutter alishinda kwa MotoCzysz, kampuni ndogo ya Portland, Oregon, iliyoanzishwa na mchora ramani za majengo, Michael Czysz. Rutter alipata wastani wa maili 99.604. Pauni 10,000 zikabaki mezani kwa upungufu wa nukta nne za maili!

Sasa nikupe njia yangu ya kuyapima matokeo haya. Usipime pengo kati ya wanafunzi na mshindi kwa maili wala kwa dakika. Lipime kwa miaka. Jiulize: kwa kasi hii, wangeshinda mbio za mwaka gani? Kingston ya 2011, kwa maili 88.4, ingeshinda mbio za 2009 lakini si za 2010, ambazo mshindi wake, Mark Miller wa MotoCzysz, alipata 96.8. Kwa hiyo walikuwa miaka miwili nyuma ya dunia. Miaka miwili tu.

Mwaka 2012 namba ikavunjika. Rutter na MotoCzysz walipata wastani wa maili 104.056 na kuchukua zile pauni. Petroli ilihitaji miaka 50 kufika maili 100, umeme ukahitaji mitatu. (Ndiyo, umeme ulikuta matairi, breki na fremu vimeshagunduliwa. Lakini hata hivyo!) Na siku hiyo aliyemaliza wa pili alikuwa John McGuinness, bingwa wa petroli niliyemtaja juu, akiwa na pikipiki kutoka Japani iliyoitwa Shinden, kazi ya kampuni ya Mugen.

Ngoja niseme kidogo kuhusu Mugen, maana hapa historia inageuka na kujitazama. Mwaka 1954 Soichiro Honda, mwenye karakana iliyokuwa imekua kiwanda, alitangaza kwamba atapeleka pikipiki zake TT. Akaenda kisiwani mwaka huohuo kuangalia, akakuta pikipiki za Ulaya zina nguvu kuliko zake kwa mbali sana. Akarudi nyumbani na aibu yake, akafanya kazi miaka mitano. Mwaka 1959 Honda ikashiriki kwa mara ya kwanza na kubeba tuzo ya timu katika daraja la sentimita za ujazo 125. Mwaka 1961 Mike Hailwood akaipa ushindi wa kwanza. Mwaka 1973 mtoto wa mzee, Hirotoshi Honda, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni iliyoitwa Mugen, neno la Kijapani lenye maana ya bila kikomo. Na Mugen hiyo ndiyo iliyokuja kutawala TT Zero kuanzia 2014.

Yaani baba alikuja kisiwani kama mgeni anayechekwa. Mtoto akarudi kama mwenye nyumba. Na wageni wapya mlangoni wakawa wanafunzi.

Mwaka 2013 waliobisha hodi walitoka Columbus, Ohio. Timu ya Ohio State University ilijiita Buckeye Current, na ilifanya jambo la busara: badala ya kutafuta dereva maarufu, ikamtafuta dereva anayejua umeme. Ikamchukua Rob Barber, yuleyule mshindi wa kwanza wa 2009. Wakamaliza wa tatu kwa wastani wa maili 90.4. Mbele, Rutter alimshinda McGuinness kwa sekunde chini ya mbili, wote wakiwa juu ya maili 109.

Fikiria alichokiona Barber. Mwaka 2009 alikuwa mtu mwenye kasi kuliko wote duniani kwa pikipiki ya umeme katika njia ile. Miaka minne baadaye wanafunzi wanamkabidhi pikipiki waliyoitengeneza wenyewe, na anakimbia nayo kuliko siku ile aliyoshinda. Lakini anafika mwisho zaidi ya dakika nne baada ya mshindi. Mwaka 2014 wakarudi naye, wakapanda hadi 93.5, wa tatu tena. McGuinness na Mugen walikuwa wameshafika 117.4, na pengo likawa karibu dakika tano. Kwa kipimo changu cha miaka, Ohio walikuwa miaka mitano nyuma, maana kasi yao bado ingeshinda mbio moja tu, ile ya kwanza. Walikimbia zaidi kila mwaka na kila mwaka waliachwa zaidi.

Hapo mtu mwenye akili zake angesema basi, yameisha. Kiwanda kimeamka, wanafunzi warudi darasani. Mimi mwenyewe ningeandika hivyo. Na kuna sababu moja ambayo watu wa viwandani hawaijui machungu yake: timu ya chuo ni karakana inayowaondoa mafundi wake bora kila mwaka, kwa shangwe, huku wamevaa majoho. Mhandisi wa kiwandani anakosea mwaka huu na kurekebisha mwakani. Mwanafunzi aliyegundua kosa lililochoma mota mwezi Juni anahitimu mwezi Julai. Kama hakuandika alichojifunza, mwenzake atakuja kuchoma mota ileile.

Ndiyo maana Nottingham inanishangaza. Timu ya wanafunzi na watafiti wa University of Nottingham, wakiwa na dereva Daley Mathison kutoka Stockton-on-Tees, kaskazini mwa Uingereza, ilimaliza ya tatu mwaka 2016. Ya tatu tena mwaka 2017. Dereva yuleyule, chuo kilekile. Mathison hakuwa jina kubwa la mabango. Alikuwa kijana wa barabara zile, ambaye timu inaweza kumwamini na yeye akaiamini timu.

Neno hilo, kuamini, nataka tulitazame vizuri. Kwa mwanafunzi, kosa la hesabu ni alama zilizopotea. Kwenye njia ile, mtu anakaa juu ya hesabu yako na kushuka mteremko wa Bray Hill, katikati ya nyumba za watu. Kila nati imefungwa na mtu ambaye bado hajapata shahada. Kila mstari wa programu umeandikwa na mtu ambaye pengine hana hata leseni ya pikipiki. Nimewahi kuogopa kupanda bodaboda kwa sababu kioo kimoja kilikuwa kimefungwa kwa mpira! Mathison alirudi mwaka hadi mwaka.

Juni 2018. Mugen walikuja na pikipiki mbili zenye madereva wapya, Michael Rutter na Lee Johnston, maana Bruce Anstey alikuwa mgonjwa na McGuinness alikuwa na majeraha. Rutter alishinda kwa wastani wa maili 121.824, mara ya kwanza kwa umeme kupita 120. Hiyo ndiyo aya ya kwanza, na magazeti yaliiandika.

Sasa shuka mstari mmoja. Nafasi ya pili: Daley Mathison, University of Nottingham, maili 119.294. Nafasi ya tatu: Lee Johnston, Mugen.

Umeona? Pikipiki ya chuo ilimaliza mbele ya pikipiki ya kiwanda. Pengo la dakika karibu tano la mwaka 2014 likawa sekunde kama 24. Na nilipotoa kipimo changu cha miaka ilibidi nirudie hesabu mara mbili. Hadi asubuhi ile, rekodi ilikuwa ya McGuinness na Mugen, ya mwaka 2015: maili 119.279. Mathison alipata 119.294. Tofauti ni 0.015, kufumba na kufumbua kwa jicho katika safari ya karibu dakika 19. Lakini maana yake ni kwamba wanafunzi wale, kwa kasi ile, wangeshinda kila mbio ya TT Zero iliyowahi kufanyika kabla ya siku hiyo. Kila moja. Hawakuwa tena miaka mitano nyuma, wala miwili. Walikuwa palepale dunia ilipo, na walishindwa na pikipiki moja tu.

Sijui kama kuna nafasi ya pili iliyo nzuri kuliko hiyo.

Ningependa hadithi iishie hapo. Haikuishia hapo.

Tarehe 3 Juni 2019, katika mzunguko wa tatu wa mbio za Superbike, Daley Mathison alianguka sehemu inayoitwa Snugborough, kama maili mbili tu kutoka mstari wa kuanzia, akafariki. Alikuwa na miaka 27. Alikuwa juu ya pikipiki ya petroli katika mbio nyingine kabisa, si ile ya Nottingham. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu ni ukweli, si kwa sababu linapunguza kitu. Jukwaa tatu za TT alizowahi kupanda, zote alizipanda na chuo kile. Ile takwimu niliyokuomba uikumbuke mwanzoni ina watu ndani yake, na mmoja wao ni yeye.

Wiki hiyohiyo Rutter alishinda TT Zero tena kwa maili 121.909. Mwezi Novemba mwaka huo serikali ya kisiwa ikatangaza kuzisimamisha mbio za umeme kwa miaka miwili ili teknolojia ipate muda wa kukua. Halafu korona ikafuta TT nzima ya 2020 na ya 2021. TT iliporudi 2022, TT Zero haikuwemo. Miaka 11, mbio 11, kwisha.

Kwingineko michuano ya dunia ya MotoE ilianza 2019, lakini kila dereva alipewa pikipiki za kiwanda kimoja, kwanza Energica na kuanzia 2023 Ducati. Ilikuwa haki kwa madereva, sawa. Lakini katika utaratibu huo mwanafunzi hakuwa na pa kuingilia. Mlango uliokuwa wazi Isle of Man ulikuwa wa aina yake: leta ulichotengeneza, usitoe moshi, zunguka mara moja. Nani amekitengeneza, hakuna aliyeuliza.

Wanafunzi hawakukaa bila pa kwenda. Huko Alcañiz, Hispania, katika uwanja wa MotorLand Aragón, mashindano ya MotoStudent yalianza na toleo la 2009 hadi 2010, na tangu toleo la 2015 hadi 2016 yakawa na daraja la umeme. Pale vyuo vinashindana na vyuo vingine, kwenye uwanja salama, na michoro na hesabu zinapewa alama. Ni jambo jema, na kama ningekuwa mzazi ningelala usingizi. Lakini pale hakuna Mugen wa kumkimbiza.

Najua kuna mdau anajiuliza: sisi yanatuhusu nini haya? Yanatuhusu kwa njia moja fupi. Mwaka 2017 ilianzishwa Nairobi kampuni iliyoitwa Opibus, ambayo mwaka 2022 ilibadili jina na kuwa Roam. Inatengeneza pikipiki za umeme za kubeba abiria na mizigo, kwa barabara zetu hizi. Mizizi yake iko katika mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi. Ni hesabu zilezile za betri na uzito na mlima, safari hii abiria akiwa nyuma na gunia la viazi mbele. Yaani kazi ya darasani ilitoka nje ya geti la chuo ikaenda kumtafutia mtu riziki.

Niliwahi kubishana na jamaa mmoja kijiweni kwetu kuhusu pikipiki za umeme. Yeye msimamo wake ulikuwa kwamba hizo ni toi. Sikuwa na jibu siku hiyo. Leo nina jibu lenye namba: toi iliyotengenezwa na wanafunzi ilizunguka kilomita 61 za milima na kona kwa wastani wa kilomita 192 kwa saa, ikamwacha nyuma mtu aliyepanda pikipiki ya kiwanda.

Ninachojifunza mimi ni hiki. Kuna vipindi vifupi katika kila fani ambapo hakuna mkubwa. Kitu ni kipya, makabati hayana mafaili, na mtu wa chuo anayeandika vizuri alichojifunza ili mwenzake asikichome tena anaweza kusimama na mwenye kiwanda. Kipindi hicho hakidumu. Kwa pikipiki za umeme za Isle of Man kilidumu miaka 11, na kikaondoka na mtu aliyekibeba kwenye mabega yake. Waliofaidi ni wale walioingia kabla mtu hajawaambia kwamba hawajawa tayari.

Mhariri akiniuliza, nitamwambia aya ya kwanza ibaki ya mshindi. Lakini sentensi ya pili naomba nipewe nafasi. Jina ni Daley Mathison, 119.294, na nyuma yake kundi la wanafunzi ambao wengi wetu hatutayajua majina yao.

Wikendi njema, wadau.